Magazeti Ukutani Gendabi

Jumatatu, 3 Machi

Wino wa mashine umeisha tena. Nakala zinatoka zimefifia, wateja wananuna. Mchana akaingia mama mmoja wa Gitting. Nikampa shikamoo. Akauliza kama ni mimi niliyekuwa nafanya kazi gazetini. Ndiyo, miaka kumi na moja, mpaka lilipofungwa. Siku hizi haulizi mtu. Nilifurahi kijinga.

Ni Mama Veronika. Veronika alifariki mwaka jana. Akiwa darasa la sita aliwaambia nyumbani kwamba yumo gazetini, kwenye picha ya kupanda miti shuleni. Mama akaenda dukani kulitazama. Sura haikuwepo. Akamwita muongo mbele ya kaka zake, na jina likamganda mpaka ukubwani: Vero Gazeti. Sasa anataka kuiona tena ile picha. "Nataka kujua tu kama nilimwonea."

Picha ile nilipiga mimi. Mtoto simkumbuki kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua sanduku la magazeti ya zamani ya ofisi. Mchwa! Wamekula miaka yote, wameacha vumbi. Nimekaa sakafuni nikatukana. Lakini swali la yule mama limeninasa kama unyuzi wa nyama kwenye jino. Alikuwemo au hakuwemo?

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkumbuka wakala wetu wa Gendabi, marehemu sasa! Magazeti yasiyouzwa alitakiwa kuyarudisha. Hakurudisha hata moja. Kila wiki alisema yamelowa mvua, hata kiangazi. Mhariri alikuwa anachemka. Siku moja nilipita kwake nikaona kuta zote za ndani amezibandika gazeti letu. Nilicheka, sikumsemea. Kesho naenda.

Ijumaa, 7 Machi

Gendabi. Mjane wake amenikaribisha chai, akacheka sana nilipomweleza. Nimesoma kuta mpaka shingo ikauma. Mnada wa Basotu. Kichwa cha habari nilichokuwa najivunia, kumbe kibovu. Halafu, nyuma ya kabati la vyombo, miti ya Gitting. Mwalimu mkuu, mgeni rasmi, watoto watano. Ukingoni kulia, mkono. Mkono tu, umeshika kibuyu cha maji.

Hapo nikakumbuka. Tangazo la mnada lilichelewa kufika, nafasi haikutosha, nikaipunguza picha upande wa kulia. Kazi ya dakika moja. Sikuangalia ni nani ninayemtoa.

Gazeti halibanduki, linachanika. Nimelipiga picha kwa simu. Najisikia vibaya sana. Naomba isiwe yeye. Hapana, naomba iwe yeye.

Jumapili, 9 Machi

Gitting, baada ya ibada. Nimemwambia yote kabla hajaiona: aliyekata ni mimi. Akachukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, polepole. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kibuyu. Ubavuni kina ufa, kimeshonwa kwa uzi wa katani. Mishono sita. Nikahesabu kwenye simu. Sita.

"Nilikishona mwenyewe," akasema. "Basi alikuwemo."

Nilimwomba msamaha. Akasema wa kuombwa msamaha hayupo, na sisi wote wawili tulipaswa kumwomba yeye. Tukalia. Kisha akanipa maziwa, nikanywa. Ameomba nakala, na kila kaka apate yake. Wako watatu.

Jumatatu, 10 Machi

Wino umefika. Nimetoa nakala nne, nyeusi vizuri. Mashine ilitaka kupunguza kingo ili picha ienee kwenye karatasi. Nimekataa.