Alisema "Yupo", Mimi Nikaandika "Yapo"

Mpendwa Mama Theopista, shikamoo. Naomba msaada wako kabla barabara haijakauka, maana ikikauka watu kumi na mmoja watapakiwa kwenye gari kwenda kuchomwa sindano ya uti wa mgongo kwa ugonjwa ambao hawana, na aliyewapa ugonjwa huo ni mimi, kwa kalamu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, Mpimbwe wa hapa Usevya, nilimaliza kidato cha nne nikarudi kulima mpunga na mama yangu, na sikuwa na jina lolote mpaka mwaka jana mwezi wa kumi alipofika profesa mmoja, naomba nimwite Profesa tu, ambaye alianza na fizikia akaiacha, akaingia udaktari akaufikisha nusu, akahamia kwenye nyota, na sasa anasema anatengeneza filamu za majaribio, na vyote hivyo alikuja kuvifanya kwetu kwa mpigo mmoja, katika utafiti juu ya usingizi, kwa sababu alisikia huku kuna mbung'o na kwamba mbung'o huleta malale. Akataka mtu wa kuwahoji Wasukuma, akauliza nani anajua Kisukuma, nikanyoosha mkono. Kisukuma changu mama ni cha mnadani, najua kusalimia na kutaja rangi za ng'ombe, basi.

Nikapewa fomu, kalamu mbili na cheo cha Mtafiti Msaidizi, na Profesa akaahidi kwamba jina langu litachapishwa ng'ambo chini ya lake. Siku ya pili nikaingia kwa mzee mmoja mfugaji, njia ya kwenda Kasansa, nikamkuta mke wake mkubwa, Minza, anapepeta mpunga na mke mdogo, Kabula, na kwa kuwa Kisukuma kilikuwa kimeniishia kwenye salamu nikauliza kwa Kiswahili, hapa kwenu kuna malale? Minza akasema, "Yupo." Nami nikajua Kiswahili chao hakijanyooka, nikamsahihisha kimoyomoyo nikaandika "yapo". Nikauliza wewe una malale tangu lini, akasema tangu alipoolewa, mwaka wa themanini na nne. Na huyu mwenzako? Kabula akasema yeye huu ni mwaka wa tatu. Na watoto? Wote wanane wa Malale, wakasema, nikaandika wote wanane wana malale. Nikauliza yanawasumbua zaidi wakati gani, wakatazamana wakacheka, Minza akasema akishakunywa, nikaandika kwamba pombe huzidisha ugonjwa. Dalili? Mchana kutwa analala, usiku anakesha. Nikasema moyoni, hii sasa ndiyo yenyewe.

Ukurasa wa mwisho wa fomu ndio una nafasi ya jina la mkuu wa kaya, na huo hauendi kwa Profesa, unafungwa kwenye bahasha ninayoitunza mimi, ili kulinda siri za wagonjwa. Nikauliza jina. Minza akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo mara ya pili, akasema, "Si ndo huyo Malale. Malale Masunga. Amelala huko nyuma ya nyumba, jana simba walikuja zizini."

Mama, hapo nilielewa kila kitu, fomu nilikuwa nimeijaza kwa wino, na nilipofika kambini nikitafuta pa kuanzia Profesa alishaninyang'anya karatasi, akasoma, akanikumbatia, akasema kaya nzima, hii haijawahi kuonekana duniani, malale yanayoingia kwa ndoa, na mimi nikakaa kimya kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunikumbatia kwa kitu nilichoandika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Mzee Malale akaitwa Namba Moja. Profesa akampima uzito akiwa macho na akiwa amelala ili ajue usingizi una kilo ngapi, akapata kilo mbili, na mimi niliona kuwa mara ya pili mzee alikuwa amevaa mabuti ya mvua ila sikutaka kumharibia mtu fizikia. Darubini ikasimikwa ili kutafuta nyota zinazohusika, lakini hizi mvua za elnino zilikuwa zimeanza, wiki tatu hakuona hata nyota moja, akaandika kwamba kutokuonekana kwa nyota nako ni matokeo. Kisha ikaja filamu. Tulionyeshwa shuleni mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta inanguruma, na kijiji kizima kilikuja kikitegemea ngumi, kumbe ni mguu wa mzee Malale kwa dakika arobaini na nzi mmoja anayetua na kuondoka, na watu walivyoanza kusinzia Profesa akanipa fomu mpya, akaniambia niwahesabu kama wagonjwa wanaoshukiwa. Nikawahesabu. Walikuwa kumi na tisa, na mwenyekiti wa kijiji yumo.

Mwezi wa kumi na mbili Profesa akawatangazia watu wa kaya ile, kupitia mimi, kwamba wana ugonjwa wa usingizi kwenye damu na kwamba atakwenda Mpanda kutafuta gari la kuwapeleka hospitali. Wenyewe hawajui kwamba ulitoka kwenye majibu yao. Wanadhani aliuona kwenye darubini. Akaondoka, mvua ikakata barabara, na mpaka leo mwezi wa pili amekwama huko akisubiri. Kila mtu hapa anaomba mvua ikatike maana mpunga unaoza majini, na mimi peke yangu naomba iendelee.

Juzi Minza alikuja kwetu kwenye mvua, kajifunika gunia, akaniuliza kwa sauti ndogo ili mama yangu asisikie. "Mwanangu, wewe ndo uliandika. Niambie, nitatangulia mimi au mwenzangu? Nataka nijue watoto nitamwachia nani." Kabula ana mimba ya miezi sita. Nikamjibu kwamba utafiti bado unaendelea. Nikisema ukweli Profesa ataniumbua, jina langu halitachapishwa, na mzee Malale ana fimbo. Nikinyamaza watachomwa. Nifanye nini mama, na tafadhali jina langu ulifiche.

Mtafiti Msaidizi, Usevya


MAMA THEOPISTA ANAJIBU

Marahaba, Mtafiti Msaidizi. Jina nimelificha. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka mpaka kijana wa mapokezi akaja kuuliza kama niko salama. Mara ya pili nilipofika kwenye gunia la Minza sikucheka tena, na kuanzia hapo hutanipata nikitabasamu.

Naelewa ulivyotamani cheo. Kijana amesoma miaka kumi na moja, amerudi kwenye tope la mpunga, halafu mtu mzima mwenye miwani anamwita mtafiti. Ningekuwa wewe hata mimi ningetembea na kalamu mbili mfukoni mwa shati. Sikulaumu kwa hilo. Sikulaumu hata kwa kosa la kwanza, ingawa lilinikera kama mwalimu wa zamani wa Kiswahili. Mwanamke amekwambia "yupo", amekutajia mtu, kwa ngeli iliyonyooka kabisa, na wewe uliyedanganya kuhusu lugha yake ukaona makosa yako kwake. Ungemwachia neno lake kama alivyolisema, leo usingekuwa na cha kuniandikia.

Ninachokulaumu ni jioni ile kambini. Ulijua. Ulijua siku ileile, kabla wino haujakauka, kwamba Minza hana malale, ana mume. Mengine yote uliyafanya ukiwa macho makavu. Ukahesabu watu waliosinzia mbele ya mguu. Mwanangu, mimi niko mbali na huko na nimesinzia kwa kusoma tu habari za huo mguu, je, na mimi nimo kwenye fomu?

Profesa wako naye simwachi. Amepita fizikia, udaktari na nyota, amepita kote huko, na alipofika kwa mzee Malale akautazama mguu wake kwa dakika arobaini bila kumuuliza anaitwa nani. Angemuuliza tu, hata kwa adabu ya kawaida ya mgeni, utafiti wake ungekwisha asubuhi ileile na mzee angerudi kulala. Mtu aliyekesha na simba zizini analala mchana, hilo halitaki darubini. Lakini yeye hakuniandikia, umeniandikia wewe.

Unaogopa sindano. Nimemuuliza daktari mmoja ninayemwamini, akaniambia hospitali haimchomi mtu mgongo kwa sababu ya karatasi ya mpita njia, watapima damu kwanza. Umefurahi? Usifurahi. Akasema pia kwamba malale ni ugonjwa wa kweli, unaua, na dawa zake ni kali mno. Mwanamke mwenye mimba, ambaye mimba yake mwezi wa tano, mvua ikiisha na barabara ikikauka, itakuwa imefikia kujifungua, atapakiwa nyuma ya gari siku nzima kwenye barabara iliyochimbika, ng'ombe wamebaki na nani hatujui, na atafika akiwa na karatasi iliyopigwa muhuri inayosema amethibitika. Na mwenzake Minza ameshaanza kufa bila sindano. Mtu anayegawa watoto wake kichwani kila siku anaumwa, na ugonjwa huo ndio pekee uliothibitika katika utafiti wenu wote.

Sasa sikiliza, maana unauliza ufanye nini wakati unajua. Umesema barabara imekatika. Barua yako lakini imetoka Usevya na kunifikia, maana yake kuna mtu aliibeba kwa miguu mpaka Mpanda na treni ikaichukua. Mtu huyohuyo atabeba na nyingine. Leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, andika barua kwa mganga mkuu wa wilaya, ueleze kwamba fomu ya kaya ya Malale Masunga, watu kumi na mmoja, ilijazwa kwa makosa, na makosa yalikuwa yako, na ile ya watu kumi na tisa wa filamu ni upuuzi mtupu. Weka sahihi na jina lako kamili. Ile bahasha yenye ukurasa wa mwisho iambatanishe, jina la mzee litajieleza lenyewe. Nakala kwa Profesa, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Profesa akikataa kuamini, mwache na kilo zake mbili. Mganga mkuu ataamini.

Lakini kabla barua haijatoka kijijini, nenda kwa mzee Malale. Unasema ana fimbo. Ni kweli anaweza kukuchapa, na sioni kama atakuwa amekosea. Nenda mchana akishaamka, wake zake wote wawili wawepo, na watoto wakubwa. Mchukue na mama yako mzazi, siyo kukukinga, akusikie tu ukisema kwa mdomo wako. Ongea Kiswahili, Kisukuma chako cha mnadani kiache nyumbani. Usianze na elnino, usianze na habari za sayansi, usiseme "kulitokea hitilafu". Sema nilikosea, hamuumwi, na niliwaficha.

Huenda watacheka kwanza. Mzee akisikia kwamba wakeze wawili waliulizwa ugonjwa gani unawasumbua wakamtaja yeye, anaweza kucheka mpaka akusamehe, na wewe utaona mambo yamekwisha utake kuaga. Usiondoke. Mtazame Minza, kwa kuwa yeye hatacheka. Atakuuliza siku ile alipokuja kwenu na gunia kichwani, ulikuwa unajua au hujui. Mwambie ulikuwa unajua. Kisha ukae chini, umsikilize mpaka amalize.