Kulabu Ulizoziacha Juu ya Pipa

Baba,

Shikamoo. Naandika halafu najikuta nasubiri uitikie, mjinga mimi.

Tangu tukuzike kule Mungaa, karakana yako ya kupaka vyuma nikeli haijafungwa, ila ilibaki kidogo. Nikeli ilikuwa haikai, Baba. Bampa za bodaboda zinatoka kwenye pipa zinang'aa vizuri, mvua mbili tu kutu imechungulia. Kijana mmoja wa stendi ya Singida Mjini akanirudishia yake mbele za watu: "Dada, hii nikeli au rangi ya kucha?" Nikamjibu vibaya, unanijua. Lakini alisema kweli, utando ulikuwa mwembamba mno. Baba mdogo akaanza kutafuta mtu wa kununua mapipa.

Nilihangaika jamani. Nikaongeza dawa. Nikaipasha moto zaidi. Nikaacha bampa ndani muda mrefu zaidi. Wapi! Na mita ya umeme inasoma sawasawa, kama inanicheka.

Wiki mbili zilizopita nikagusa kulabu inayoshikilia bampa, pale inapokalia ufito wa shaba. Lo! Ikaniunguza kidole. Hapo nikajua umeme unaobandika nikeli unakwama pale kwenye uchafu wa kulabu, kwenye bampa unafika kidogo tu.

Wewe ulikuwa unazisugua kila asubuhi, unaimba nyimbo zako za kwaya polepole. Mimi nilidhani unasubiri chai. Na tangu uondoke sikutaka mtu azisugue. Wewe ndiye uliyezipinda, wewe ndiye uliyezigusa mwisho. Nikasema ziachwe hivyo hivyo, zina mikono yako. Kumbe naiua kazi yako kwa kukulilia, Baba. Nisamehe.

Nimezisugua zote kwa msasa mpaka shaba ikawa nyekundu. Ile uliyoipinda kombo, mkono ulipoanza kukutetemeka, niliiweka ya mwisho. Nikalia kwa sauti, majirani wakaja mbio wakidhani tumepata msiba mwingine. Halafu nikaisugua nayo.

Bampa ya yule kijana nimeirudia bure. Mvua imenyesha wiki nzima na bado inang'aa. Baba mdogo haulizii tena wanunuzi.

Nakuahidi, kila asubuhi msasa kwanza, chai baadaye. Lala salama, mzee wangu. Ile ya kombo inafanya kazi na wenzake. Sijainyoosha, na sitainyoosha.

Binti yako