Leso yangu na bastola za Ijumaa

Ijumaa, Machi 2018. Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi. Vumbi.

Nimeamka nikakuta vumbi limeingia mpaka kwenye mswaki. Siku kama hii kufagia ni kujichosha tu, unalitoa huku linakaa kule. Kichwa kinagonga, mgongo unauma, na juu ya yote leo ilikuwa Ijumaa ya bastola.

Nimechoka na hizi bastola. Wacha niseme hapa, maana kwingine siwezi.

Kama umefika hapa mara ya kwanza, mimi ni mfanyakazi wa nyumbani, mtu wa Voi, mwaka wangu wa pili na familia hii. Tulianzia Jeddah, kule Al-Safa, wakati baba mwenye nyumba akifanya kazi ya ofisi bandarini. Akahamishwa, tukahamia huku sote. Bosi ndiye ninayemwita baba, mkewe ni madam. Kule Jeddah bastola ilikuwa moja, imefungiwa kabatini, na sikuwahi kuiona hata mpini. Hapa Riyadh nyumba ina majlis, sebule ya wageni wa kiume yenye mlango wake, na baba amepata wenzake wa ugonjwa huo huo.

Wanakuja Ijumaa moja ndiyo moja siyo, baada ya swala na chakula. Wazee watatu, wanne, kila mmoja na kijisanduku mkononi kama fundi wa saa. Ndani ya kisanduku ni bastola ya mtindo wa zamani, zile nzito za chuma zenye vibao vya mti kwenye mpini. Zina karatasi zake zote za serikali, Kyalo ameniapia.

Kyalo ni dereva wetu, Mkamba wa Machakos, na ndiye mtu pekee wa kuongea naye Kiswahili nyumba nzima. Mwanamke haingii majlis wanaume wakiwa ndani, kwa hivyo mimi napika gahwa, kahawa yao, naye anaipeleka. Anaenda na birika, anarudi na habari za bastola. Eti hizi ni semi-otomatiki, ukifyatua moja inajipakia yenyewe inayofuata. Eti ya baba ina umri mkubwa kuliko baba. Eti kuna mmoja amebadilisha vibao vya mpini mara tatu na bado hajaridhika. Mimi nakuna sufuria ya wali ulioungua, yeye ananieleza uzito wa chuma.

Kitu kimoja tu ndicho nilichokipenda katika hayo maneno yake. Hao wazee wana heshima yao. Hakuna anayegusa bastola ya mwenzake bila kumwomba. Na mwenyewe kabla hajampa, anatoa risasi zote, anavuta ile sehemu ya juu, anaonyesha kuwa ndani ni tupu. Halafu anaikabidhi kwa mikono miwili. Anayepokea naye anaangalia tena kwa macho yake, hata kama mwenzake ni ndugu yake.

Likumbuke hilo, shajara.

Sasa nije kwa leso.

Leso zinauzwa mbili mbili zimeshikana. Hii ya kwangu ni nyekundu, nilimbebea mtoto wangu Mghoi mgongoni tangu anazaliwa. Siku ya kuondoka alikuwa na miezi kumi. Nilichukua mkasi nikaikata katikati, nusu nikamwachia ajifunike, nusu nikatia kwenye begi. Sasa anakaribia miaka mitatu. Kila Ijumaa saa kumi mama yangu anambeba mpaka kwa jirani mwenye simu ya video, nami najitanda nusu yangu, naye anakuja na nusu yake, tunaonyeshana. Ndivyo anavyonijua. Kuna Ijumaa moja leso ilikuwa imelowa nikapiga bila. Mtoto akajificha nyuma ya nyanya yake. Nilimsikia akisema, "Huyo si mama."

Sikula siku hiyo.

Ijumaa iliyopita mtandao ulikataa kabisa. Kwa hivyo leo ilikuwa lazima. Jirani anatupa nusu saa tu, saa kumi na nusu anaenda kwaya na simu yake. Na mama alishaniambia, kwa upole, kwamba siku hizi Mghoi anamwita yeye mama.

Jana nikaifua leso kwa mkono, nikaianika juu ya dari, kwenye paa la wazi. Leo saa nane na nusu napanda kuitoa, kamba ni tupu. Nikadhani upepo. Nikatafuta kwenye tangi la maji, nikachungulia uani kwa jirani, nikashuka na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Kumbe ni Kyalo.

Ananiambia bila hata haya, huku anapanga vikombe. Baba alitaka kitambaa laini cha kufutia bastola. Vipya hataki, vinaacha nyuzi kwenye chuma. Anataka pamba iliyofuliwa mpaka ikachoka. Basi mtu wangu akapanda dari akachagua.

"Kyalo, hiyo ni leso!"

"Nilidhani umeistaafisha, Mama Mghoi. Imepauka vile."

"Wewe mama yako alikubeba na nini? Na gunia?"

"Wacha hasira. Nikipeleka gahwa nitairudisha."

Akaenda na gahwa. Akarudi mikono mitupu. "Leo kuna ushindani! Ami Saleh amekuja na ile yake kutoka Jeddah, mpini mweupe kama meno ya matangazo." Ami Saleh ni ndugu wa baba yake bosi, mzee wa ndevu nyeupe, ameendesha gari njia yote hiyo kuja kuwaonyesha watu wa Riyadh kwamba Jeddah ndiko kuna bastola. Nikamuuliza leso iko wapi. Akapiga paji la uso.

Nikampa tende apeleke. Akarudi na habari kwamba Riyadh inaongoza kwa uzito lakini Jeddah inaongoza kwa urembo.

Nikampa kitambaa kingine cha kubadilisha, nilichokata kwenye pajama yangu mwenyewe. Akarudi nacho. Hawakitaki. Leso yangu imewashinda kwa utamu. Baba anawasifia wageni, eti ni pamba ya Afrika, haiachi uzi hata mmoja.

Saa tisa na robo nikamwendea madam. Alikuwa anasubiri rangi ya kucha ikauke, amenyoosha vidole kama anaosha hewa. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni. Akasikitika kweli, sitamsingizia. Akasema nao wamemchukulia sinia lake la harusi, wameweka vyuma juu yake. Halafu akasema, halas, basi, usijali, atanunua kitambaa kingine kipya, hata viwili.

Viwili! Nikasema shukran madam, nikarudi jikoni nikakata vitunguu ambavyo havikuhitajika, nipate sababu ya kulia.

Nakiri hapa kwamba nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilianza kujiambia labda leo mtoto atanitambua kwa sauti. Labda nijitande taulo jekundu. Ni mtoto, atajuaje?

Atajua.

Saa tisa na dakika arobaini Kyalo akaingia mbio. "Mama Mghoi, naomba mkasi."

"Wa nini?"

Akaangalia chini. "Ami Saleh ameipenda ile leso. Anataka kipande aende nacho Jeddah. Na wengine nao wanataka. Baba amesema wagawane, kila mtu robo."

 Nilichukua mkasi droo ya juu, nikautia mfuko wa aproni, nikapita mbele yake. Nyuma nasikia, "Mama Mghoi, huko huwezi kwenda! Yalla, rudi!"  Nikasimama nje ya mlango wa majlis, nyuma ya pazia, nikabisha kwenye mbao.

Maneno yakakatika mle ndani.

"Baba," nikasema, "mkasi ninao mimi."

  Nikasikia sauti ya baba, "Kyalo, huyu anataka nini?"

Kyalo alikuwa amenipita akaingia ndani ya pazia; nikamwambia atafsiri, kila neno. Nikasema kwa Kiswahili. Baba, hiyo si tambara, ni nguo ya mtoto wangu. Ilishakatwa mara moja, niliikata mwenyewe siku naondoka nyumbani, na hiyo mara moja inatosha. Nusu nyingine iko kwake, na saa hii anakuja kwenye simu kutafuta hii. Nyinyi bastola ya mtu hamuigusi mpaka mmemwomba mwenyewe. Mimi mbona hamkuniomba?

Kyalo akageuka akasema maneno kama sita.

"Kyalo, nimesema mengi kuliko hayo!"

"Nafupisha."

"Usifupishe!"

Akaanza upya, pole pole, na nikalisikia neno *bint* linapita, na neno la kuomba ruhusa. Alipomaliza mzee mmoja akacheka. Si kicheko kibaya. Ilikuwa sauti ya Ami Saleh. Akamwambia baba jambo refu kwa Kiarabu cha haraka, nikashika mwisho tu: amesema kweli, huyu. Aibu ni yetu.

Pazia lilikuwa na nafasi ndogo pembeni. Niliona mikono ya Ami Saleh tu. Akaiokota leso kwenye sinia, akaikunjua yote, akaionyesha upande huu, akaigeuza, akaonyesha upande ule, kwamba hakuna kitu ndani. Akaikunja. Akamkabidhi Kyalo kwa mikono miwili. Kyalo akatoka nje ya pazia akanikabidhi hivyo hivyo, mikono miwili, na kwa mara ya kwanza leo hakuwa na habari yoyote ya kuniambia.

Mkasi nikamwachia.

Baba mpaka sasa hajaniambia kitu. Amenipita kwenye korido mara mbili. Sijui kimya chake ni cha aibu au ni cha kunipangia. Karatasi yangu ya likizo ni yeye wa kuisaini mwezi wa sita, na nimefikiria hilo sana. Lakini hata nikifikiria vipi sioni mahali ambapo ningenyamaza.

Leso ilikuwa inanuka mafuta ya bastola, na pembeni ina doa jeusi, kubwa kama kiganja. Sikuwa na muda. Nikajitanda nikapiga simu, saa kumi na dakika tatu.

Mghoi alikuwa mapajani kwa nyanya yake, ameshika nusu yake. Akaniangalia bila kucheka. Nikavuta leso mabegani aione vizuri. Akasogea, akasogea, mpaka jicho lake moja likajaa simu nzima.

"Mama, umejichafua."

Mama! 

"Nani amekuchafua?"

"Wazee," nikasema.

Akafikiri. "Wachape."

Nyanya yake alicheka mpaka simu ikaanguka. Tukabaki tunaangalia dari ya mabati ya jirani, mimi nacheka, nalia, na dakika zetu zinaenda. Dakika ngapi sikuhesabu. Wazee wa majlis nilisikia wanaanza tena kwa mbali, Riyadh na Jeddah, chuma kwa chuma. Wacha wachapane wao kwa wao.

Baada ya magharibi nikapata nafasi. Nikatia maji ya moto kwenye beseni, sabuni ya unga, na ndimu niliyomwomba madam. Nilikuwa nimeapa hilo doa halilali humu chumbani kwangu. Na nimeapa leso hii haitaonja tena dari ya nyumba hii, nitaianika kitandani kwangu hata nikilala pembeni. Na Kyalo nitamwonyesha leso zote za dunia mpaka azijue.

Ndipo ujumbe wa sauti wa mama ukaingia kwenye simu, ametumia ile ya jirani aliporudi kwaya. Amekasirika, hata salamu hakuna. "Mtoto wako amechukua mafuta ya kupikia, amemwagia leso yake. Pale pale pembeni. Namuuliza kwa nini, ananiambia iwe kama ya mama. Sasa niambie wewe uliyesoma mpaka darasa la nane, mafuta yanatolewa na nini?"

Nimesikiliza mara nne.

Mama, mafuta yanatolewa na maji moto, sabuni na ndimu. Lakini usiyatoe, tafadhali. Mimi yangu nimeiokoa kabla haijagusa maji. Beseni nimelimwaga, na leso iko hapa mabegani ninapoandika, inanuka kama Ami Saleh.

Ijumaa ijayo simu ikipatikana tutazilinganisha, mimi na Mghoi, tuone doa la nani kubwa.