Tende Tatu za Tallinn

Kwako Mama Rehema,

Ni mimi mumeo. Mwandiko unaujua. Rehema alitaka niseme maneno ayaandike yeye kwenye simu, nikamwambia mkono wangu bado mzima na darasa la tatu nilifika. Wewe uko Kisauni tulikokulaza, mimi niko hapa Doha, Abu Hamour, basi kalamu itatufikisha. Na barua hii naiandika wazi, isomwe hata kule kwa kinyozi Al Sadd. Habari za Tallinn nilizitangaza mimi kwa madereva wote, na wa kuzirekebisha ni mimi.

Wakumbuka tulivyofika mji ule wa kaskazini? Rehema alikuwa na mafunzo ya wauguzi wiki nzima, akasema twende naye tulikimbie joto la Juni. Mchana yeye darasani, sisi barabarani. Akatupa ramani, nikaikunja nikaitia mfukoni. Miaka thelathini na moja naendesha gari Doha, tangu majumba marefu hayajaota, leo nipewe ramani ya mji uliozungushiwa ukuta? Utapotelea wapi! Wewe ukacheka, "Haya dereva, tangulia."

Tukazunguka. Ile minara ya duara yenye mapaa mekundu, ukasema ni kama kawa za kufunikia chakula. Kweli kabisa, hata wenyewe sidhani wanajua. Na lile duka la dawa la kale pale uwanjani. Tulilipita, tukalipita tena. Kisha yule mama anayekaanga lozi kwa sukari akatupungia mkono kama jamaa yetu.

"Baba Rehema, tumepotea."

"Hatujapotea. Nakuonyesha mara ya pili."

"Hii ya tatu."

Siku ya pili tukaenda na basi nje ya mji, kule kwenye kinamasi chenye miti mifupi na madimbwi meusi, watu wanapita juu ya njia ya mbao. Msichana aliyetuongoza akasema mtu asishuke. Mimi niliyekulia kwenye matope ya mikoko, nifundishwe matope? Nikashuka hatua moja. Mguu ulirudi, kiatu hakikurudi. Ukaziba mdomo na mtandio usicheke, mabega yakakusaliti. Lakini useme kweli, basi zima hakuna aliyepigwa picha nyingi kunishinda.

Sasa ile Alhamisi.

Mimi, kabla ya sukari kunipata, Jumatatu na Alhamisi sikuacha kufunga tangu ujana, hilo linajulikana mpaka Al Rayyan. Wewe ulikuwa unalipa siku zako za Ramadhani, zile tisa ulizolala hospitali. Nane zimekwisha, hii ndiyo ya mwisho. Rehema akasema, "Mama, msafiri ana ruhusa." Ukasema unataka kuimaliza. Hukutaka deni la Mungu lilale ndani.

Jioni tukapanda kile kilima chao, tukasimama kwenye ukuta, mji mzima chini yetu na bahari nyuma yake. Upepo ulikuwa wa baridi, wewe umevaa lile koti zito Rehema alilokununulia. Simu yangu ikaadhini. Nilimkataza Rehema asiiguse, kwa hiyo ilikuwa bado inafuata magharibi ya Doha. Nikatoa tende, tatu zako, tatu zangu.

"Baba Rehema, jua hilo hapo."

"Saa ya mnara inasema kumi na mbili na nusu. Saa yangu ya Doha kumi na mbili na nusu. Saa zinakwenda pamoja, magharibi itaachanaje?"

"Jua halijashuka hata kidogo, mume wangu."

"Jua la huku vivu. Futuru, mwanamke!"

Nikala zangu. Wewe ukageukia ukutani, nikaona shavu linacheza. Nikaridhika.

Rehema aliporudi akauliza tumefuturu wapi, maana magharibi ya kule ni saa nne usiku na zaidi. Nikamjibu, "Mimi na mama yako tumeshafuturu, habari imekwisha." Nikajitupa kitandani. Baadaye nikasikia kijiko kinagonga kikombe jikoni, na pazia lote limekuwa jekundu. Nikauliza nani huyo. "Lala, Baba Rehema, nakunywa dawa."

Miezi saba tu, ukatutoka.

Hapo ndipo ile Alhamisi ilipoanza kunikaba. Ulikwenda na siku moja haikutimia, na aliyekuharibia ni mimi, kwa kelele zangu. Kwa kinyozi nilikuwa nasema, "Tumefunga Tallinn, mchana wa kule ni mrefu kama wiki!" Wakanisifu. Nikirudi nyumbani chakula hakipiti. Mwisho nikamwendea sheikh, akasema wa nyumbani mwako anaweza kukufungia, nikasema nitafunga mimi. Rehema akang'aka: "Baba, sasa una sukari!" Nikamwambia sukari ni yangu na mke ni wangu.

Juzi akalitoa lile koti kabatini. Kuna mwenzake wa kazini, Mganda wa Al Rayyan, anahamia nchi ya baridi. Nikasema lilete kwanza. Dereva hakabidhi gari bila kukagua viti. Kwenye mfuko wa ndani nikashika karatasi laini ya mkahawa, imekunjwa vizuri. Ndani mna tende tatu. Zimekauka, zimekunjamana, lakini nzima. Hata moja haina alama ya jino.

Nikakaa chini. Rehema akadhani sukari imeshuka, akakimbilia kile kidude chake cha kudunga kidole. Nikamwambia mama yako alifunga. Mama yako alitafuna hewa asiniaibishe juu ya kilima, akasubiri jua mpaka likazama, peke yake, jikoni. Tukalia, kisha tukacheka, maana sote tulikuwa kama tunaliona lile shavu likicheza.

Basi Mama Rehema, huna deni. Mwenye deni mimi. Sheikh anasema funga yangu ilikuwa sunna, kuilipa si lazima. Nimemwambia mimi nalipa. Daktari wangu ameruhusu siku moja, mchana huu mfupi wa Desemba, na Rehema ameshanidunga mara tatu tangu asubuhi. Niko imara, mkono hautetemeki, tazama herufi.

Koti litakwenda kwa yule Mganda, wewe ungelitoa. Tende nimezibakiza. Ziko hapa mezani, mbele ya karatasi hii. Simu iko kando, itaadhini sasa hivi, na safari hii iko katika mji wake. Hata hivyo sitaiamini. Nitatoka nje, nisimame, nilitazame jua mpaka liishe lote. Kisha nitakula moja yako.

Pumzika, mke wangu. Ulikuwa unaijua njia.

Mumeo aliyekuwa akitangulia,
Baba Rehema