Chungu cha Mahari Yako

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Bukima hatujambo, tunasubiri mahari yako tu. Umeuliza kama kaka yako Wambura aje, maana kwa mila yetu ndiye wa kuvuta mrija wa kwanza kwenye chungu cha pombe ya mahari, na pombe ameiacha juzijuzi. Hata mimi naogopa.

Siku ya mahari yangu, kaka yangu Magesa naye alikuwa ameacha pombe. Alishika mrija, nikafumba macho. Akavuta, akacheka. Mama alikuwa amejaza togwa isiyolevya! Wazee wakanung'unika. Mama, alikuwaga mkali, akawaambia, "Pombe zipo kila siku. Kijana wangu ni huyu huyu."

Ya kesho yake sikuyajua, lakini siku ile Magesa hakulewa.

Mwambie kaka yako aje. Togwa nitapika mimi.

Bibi yako