Kiwiko Mgongoni kwa Mwalimu

Jumatatu, 9 Juni

Buppha, mkandaji mwenzangu, leo kampanda mteja mzungu mgongoni kwa miguu yote miwili! Mzungu analia, anacheka, analia tena. Halafu kaomba aongezewe muda. Watu wengine wameumbwa wakanyagwe.

Sisi tuliofunzwa kukanda kwa mtindo wa ikulu, waliokandwa nao wafalme, tunamwendea mteja kwa magoti, tunabonyeza kwa mikono tu. Miguu, viwiko — mwiko! Huyu kajifunza kwa shangazi yake huko mashambani, na inaonekana.

Nikamuuliza, unakanda mtu au unakanda udongo? Eti, dada Wilai, mtu akipona haulizi kapona kwa kiungo gani. Mdomo nao huo!

Jumanne, 10 Juni

Bi Pranee, mwenye nyumba hii ya kukandia, katangaza. Alhamisi, kwenye ibada ya kuwaenzi walimu, Mwalimu Inthon, mzee wetu wa kazi hii, atamtaja mkufunzi mkuu. Ni mimi au Buppha. Yaani nimewekwa mizani moja na yule!

Kidole gumba kimevimba tena. Nimekikanda kwa majani ya moto, nimekificha. Kiti hicho nakitaka. Nakitaka kuliko nilivyomtaka mume wangu, na yule nilimtaka sana, mjinga mimi.

Jumatano, 11 Juni

Buppha anawafundisha wasichana wanagenzi kukanda nyayo. Kijiti mkononi: dole kubwa ni kichwa, kisigino ni kiuno. Na wao wanaitikia! Nikamuuliza adabu inabonyezwa wapi, maana ya kwake sijawahi kuiona. Wasichana wakacheka. Na yeye kacheka! Hata kukasirika hajui.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika chooni. Mlango nimeukomea.

Desturi yetu, kabla ya ibada wanaogombea wanamkanda mwalimu. Mzee kalala kifudifudi, uso kwenye mto. Chumbani sisi watatu tu. Mimi mkubwa, nikaanza. Kidogo tu — kidole kikagoma. Maumivu hadi begani! Mzee anaguna, mbona mkono umelegea? Sijui nilipatwa na nini. Nikainama, nikatia kiwiko. Mimi! Kwenye mgongo wa mwalimu!

Mzee akashusha pumzi. Aaa, Buppha, mwanangu, hapo hapo, pamenikaba tangu mvua za mwaka jana.

Buppha kakaa ukutani, anakitazama kiwiko changu. Nikamaliza kwa kiwiko, walimu waliotangulia wanisamehe. Mzee akalala fofofo, Buppha hakumgusa hata kidogo.

Muda si mrefu uliopita, ukumbini, maua yamepangwa, wote tumepiga magoti, mzee anatangaza: aliyenipa kile kiwiko asubuhi ndiye mkufunzi. Buppha, njoo!

Na huyo bwege hakwenda! Eti, Mwalimu, mimi sijakugusa leo. Basi. Jina langu hakulitaja. Ukumbi mzima ukanigeukia. Wasichana wale wale ninaowachapa vidole kila wakiinua kiwiko! Bi Pranee akauliza, Wilai, ni wewe? Nikasema tumbo, nikatimua mbio.

Nikikubali, kiti changu — kwa kiwiko. Nikikataa, anakikalia yule.

Buppha anagonga mlango. Dada Wilai, toka basi, mzee magoti yanamuuma. Usijali, nimewaambia unaharisha.

Unaharisha! Mbele ya watu wote! Hata kumsitiri mtu hajui.