Bahari ya Kitambaa

Kitale, Jumanne, 1989

Hakuna picha hata moja ya Mombasa iliyotoka. Mwenye studio ananieleza polepole kama mtoto, ati filamu haikushika kwenye meno ya kamera, kwa hivyo haikuzunguka. Mjinga ni mimi. Niliiweka kwa haraka pale ufuoni, mchanga vidoleni, kwa sababu Mama alishaingia majini akicheka. Mara yake ya kwanza kuona bahari tangu azaliwe Kabuchai, nami nilikuwa nabonyeza bure.

Halafu ananiambia, "Si mpige hapa? Niko na bahari." Kitambaa kilichochorwa minazi. Nilitaka kumtukana mbele ya Mama.

Mama akainuka kwenye benchi, akavua viatu, akashika sketi isilowe.